Sumaku ya ukubwa gani itashika kibao cha duka kwenye ukuta wa kontena?

MwenyeKontena aliuliza:

Habari za wakati huu, ndugu wanajukwaa.

Ninaendesha duka la vipuri vya pikipiki ndani ya kontena la futi 20 nililokodi Kigamboni, na mkataba wangu na mwenye kontena unasema wazi kwamba upande wa nje hautobolewi wala hauchomelewi kitu chochote. Kibao changu kina upana wa sentimita 90 na kimo cha sentimita 60, kimetengenezwa kwa bati lililofungwa kwenye fremu ya bomba la mraba, na kwenye mizani kimefika kilo 6 kamili. Nataka pia kuweka taa ya LED ya kilo 2 yenye mkono unaojitokeza mbele ili imulike kibao usiku.

Mwezi uliopita nilinunua sumaku mbili za neodimi za aina ile iliyofunikwa na kikombe cha chuma, kila moja ikiwa na kipenyo cha milimita 48 na ikiwa imeandikwa kwamba inavuta kilo 80. Niliona kwamba kilo 160 kwa kibao cha kilo 6 ni zaidi ya kutosha. Nilizifunga kwenye pembe mbili za juu, nikakipachika kibao mchana, na nilipokivuta kwa mikono miwili kuelekea kwangu sikuweza kukitoa. Asubuhi ya siku ya tatu nilikikuta kimeshuka karibu shubiri moja, upande wa kushoto ukiwa umeshuka zaidi ya wa kulia, na kwenye rangi ya kontena kulikuwa na michirizi miwili inayong'aa iliyochorwa na kingo za vikombe. Jioni ya siku hiyo, malori ya mchanga yalipokuwa yanapita, kilianguka kabisa. Hakikumpiga mtu, lakini pale kilipoangukia ndipo wateja wangu wanaposimama, na sitakirudisha kabla sijaelewa kilichotokea.

Aliyeniuzia ananishauri nichukue kubwa zaidi, za milimita 75 zilizoandikwa kilo 200. Kabla sijatoa fedha nyingine, ninaomba anayejua anieleze jinsi ukubwa wa sumaku unavyochaguliwa, na sababu ya kilo 160 za kwenye karatasi kushindwa na kilo 6 za bati.

MwalimuWaMaabara alijibu:

Ndugu MwenyeKontena, pole kwa yaliyokupata, na umefanya vyema kusimama kabla ya kununua zile za milimita 75, kwa sababu ninaamini zingekuangusha kwa namna ile ile na kwa gharama kubwa zaidi.

Kilo 80 zilizoandikwa ni kipimo halali, ila kimepatikana katika mazingira ambayo duka lako halina. Sumaku huwekwa juu ya bamba la chuma laini lenye unene wa kama milimita 10, lililosawazishwa vizuri, lisilo na rangi wala kutu, kisha huvutwa wima kutoka kwenye bamba mpaka iachie. Ukuta wako ni mwembamba, una rangi, na uzito wa kibao hauvuti kutoka ukutani bali unateremka sambamba na ukuta.

Nianze na hilo la mwisho. Sumaku haizuii kitu kuteleza kwa nguvu zake zote. Inachofanya ni kuubana uso wa kikombe kwenye ukuta, halafu msuguano ndio unaozuia kuteleza. Chuma kinapokaa juu ya rangi laini, msuguano huo huwa karibu moja ya tano ya nguvu inayobana, na hupungua panapokuwa na vumbi au umande. Kwa hiyo hata kama kila sumaku yako ingebana kwa kilo 80 kweli, ingeshikilia kama kilo 16 tu za kuteremka. Ndiyo maana ulipovuta kuelekea kwako uliona kibao kimeshika sana, kumbe ulikuwa unajaribu upande ambao hauna hatari.

Sasa tuje kwenye unene, ambao kwa maoni yangu ndio kiini cha swali lako. Bati la ubavuni mwa kontena kwa kawaida lina unene wa milimita 1.6 tu. Usumaku unaotoka kwenye kidonge cha katikati, yaani kile kipande cha sumaku kilicho ndani ya kikombe, hauna budi kuingia ndani ya bati, kusambaa kuelekea pembeni pande zote, kisha kurudi kwenye ukingo wa kikombe. Kiasi cha usumaku kinategemea eneo la uso wa kidonge, lakini njia ya kupitia ndani ya bati ni mzingo wa kidonge hicho mara unene wa bati. Ukiongeza kipenyo mara mbili, eneo linaongezeka mara nne wakati mzingo unaongezeka mara mbili tu, na bati ni lile lile. Chuma nacho kina kikomo cha usumaku kinachoweza kuubeba, na kikishafika hapo tunasema kimeshiba, kwa hiyo unaobaki unavuja kwenda upande wa pili bila kufanya kazi yoyote.

Kwa makadirio, sumaku ya neodimi inahitaji chuma chenye unene wa karibu moja ya nane ya kipenyo cha kidonge chake ili itoe nguvu zake zote. Kikombe cha milimita 32 chenye kidonge cha milimita 24 kinahitaji bati la milimita 3 hivi, na hiyo ya milimita 48 inahitaji zaidi ya milimita 4. Zile za milimita 75 unazoshauriwa zinahitaji milimita 7, yaani zaidi ya mara nne ya ulichonacho. Uzito na bei yake vitaongezeka sana, lakini mshiko kwenye ukuta wako utaongezeka kidogo mno ukilinganisha na unachokilipia.

Unaweza kujithibitishia hili leo. Bandika sumaku moja nje, ingia ndani ya kontena, na usogeze pini ya kushikia karatasi kwenye ukuta mahali sumaku ilipo kwa nje. Pini ikinata, ujue bati limeshiba na sehemu ya nguvu ulizonunua inapotea humo ndani. Kisha rudia kwenye nguzo nene ya pembeni ya kontena, uone tofauti.

Rangi nayo ina mchango wake, kwa kuwa kila sehemu ndogo ya milimita inayoitenga sumaku na chuma hupunguza mvuto, na kwa sumaku fupi za vikombe pengo la milimita moja linaweza kula zaidi ya nusu ya nguvu. Ikiwa ukuta una tabaka za rangi juu ya rangi, au kutu iliyovimba chini yake, tafuta mahali palipo safi.

Kwa kifupi kuhusu ununuzi: usiongeze kipenyo, ongeza idadi. Sumaku ndogo nyingi zilizotawanyika hutumia bati jipya kila moja, ilhali kubwa moja inang'ang'ania sehemu iliyokwisha kushiba.

FundiVibaoMombasa alijibu:

Ninamuunga mkono Mwalimu, na ninaongeza yale ninayokutana nayo kazini, kwa sababu makontena yaliyogeuzwa kuwa maduka nimeyawekea vibao kwa miaka kadhaa sasa, na mengi hayaruhusiwi kutobolewa kama lako.

Ukubwa wa sumaku kwenye kontena unawekewa mpaka na mikunjo ya bati kabla ya jambo lingine lolote. Ukuta wa ubavuni umekunjwa kwa migongo na mabonde, na katika makontena ya kawaida sehemu bapa ya mgongo unaotokeza nje ina upana wa kama milimita 72, halafu bati linainama kwenda bondeni kwa kina cha milimita 36. Sumaku ya milimita 75 haitakaa bapa hapo; ukingo wake mmoja utaning'inia hewani, na sumaku isiyokaa bapa haina thamani. Ninatumia zisizozidi milimita 66. Toka nje na rula upime mgongo wako mwenyewe, kwani yapo makontena yenye mikunjo tofauti, na ukuta wa mbele wa kontena hilo hilo una mikunjo mipana zaidi.

Mikunjo hiyo inaamua pia nafasi za matundu kwenye fremu yako. Kutoka katikati ya mgongo mmoja hadi katikati ya mwingine ni karibu milimita 278. Kibao cha sentimita 90 kinaweza kukalia migongo minne, kwa kuwa nafasi tatu za milimita 278 ni milimita 834. Nilipokuwa mgeni wa kazi hii nilitoboa matundu manne ya fremu kwa kugawa upana sawasawa bila kupima ukuta, na nilipofika kwa mteja sumaku mbili ziliangukia kwenye miteremko. Ilinibidi nikitoboe kibao upya mbele yake.

Kuhusu aina, kwa kazi ya kuning'iniza kitu ukutani ningechagua sumaku zilizofunikwa kwa mpira. Ndani yake kuna vidonge vidogo kadhaa vilivyopangwa kwa kubadilishana ncha ya kaskazini na ya kusini, kwa hiyo usumaku wake hauhitaji kuzama sana, jambo linaloifaa bati jembamba. Namba iliyoandikwa huonekana ndogo na wanunuzi wengi huzidharau. Ya milimita 66 huandikwa kilo 20 hivi. Lakini mpira hauteleziki ovyo kwenye rangi, na haukwaruzi. Nyinyi mlio Kigamboni mnapuliziwa chumvi ya bahari kama sisi, na mpira unasaidia hapo pia: neodimi yenyewe huliwa na kutu haraka, na utando wa nikeli unaoikinga ukishapata ufa mmoja, sumaku huvimba na kumeguka unga mweusi kutoka ndani. Nimezitoa ukutani nyingi zilizokuwa hivyo.

Usinunue zote kwa mara moja. Nunua moja ya kila aina unayoifikiria, tafuta mizani ya ndoano ile inayotumika kupimia mizigo ya safari, ibandike sumaku kwenye mgongo wa ukuta utakaoutumia, na uivute kuelekea chini, sambamba na ukuta, mpaka ianze kuteleza. Andika kilo hizo. Halafu vuta kuelekea kwako, andika na hizo. Jumla ya uwezo wa kuteleza wa sumaku zote iwe angalau mara tano ya uzito wa kibao, kwa sababu hazigawani mzigo sawasawa na malori yanatikisa ukuta kama ulivyoona.

Usisahau upepo. Upepo wa kilomita 72 kwa saa husukuma kwa nguvu ya karibu niutoni 240 kwa kila mita ya mraba; kibao chako kina mita za mraba 0.54, kwa hiyo ni karibu niutoni 130, sawa na kilo 13. Mara nyingi utakibana ukutani, lakini ukiingia nyuma kupitia mabonde ya bati utakisukuma kitoke. Kufunga sumaku juu tu na kuacha chini kukipiga ukuta ndiko kulikokitikisa kibao chako mpaka kikatambaa.

Angalia pia urefu wa bolti. Zipo sumaku zenye tundu la hesi nyuma, na bolti ikiwa ndefu kuliko tundu hilo hukisukuma kidonge kutoka ndani ya kikombe unapokaza. Pima kina cha tundu kwa kijiti kabla ya kununua bolti.

MwenyeKontena aliandika:

Ninawashukuru nyote wawili kwa majibu yenye uzito. Nimetumia siku nzima ya Jumapili kupima.

Mgongo wa ukuta wangu ni milimita 71 kwa rula yangu, na kutoka katikati hadi katikati ni milimita 278 kama Fundi alivyosema. Pini ilinata ndani ya kontena nyuma ya sumaku ya milimita 48, tena ikasimama wima kama sindano ya dira. Kwenye nguzo ya pembeni sikuweza hata kuibandua sumaku hiyo kwa mkono. Ilinibidi niiinue ukingo kwa bisibisi.

Sumaku ya milimita 48 iliyoandikwa kilo 80, nilipoivuta kuelekea kwangu kwenye ukuta, iliachia kwenye kilo 27. Nilipoivuta kuelekea chini ilianza kuteleza kwenye kilo 4. Nilirudia mara tatu kwa sababu sikuamini. Nimeazima sumaku moja ya mpira ya milimita 66, iliyoandikwa kilo 20. Hiyo iliachia kwenye kilo 14, lakini kwa kuteleza ilistahimili mpaka kilo 7. Kwa maneno mengine, iliyoandikwa robo ya namba ya mwenzake inashika karibu mara mbili kwa kazi ninayoihitaji mimi.

Ninafikiria sita za mpira: nne safu ya juu, moja kwa kila mgongo, na mbili safu ya chini kwenye pembe. Kuteleza itakuwa kilo 42 kwa kibao cha kilo 6. Je, mpango huu umekaa sawa? Na taa yenye mkono niifanyeje?

DadaWaKisumu aliuliza:

Samahani kwa kuingilia. Kibanda changu si kontena, ni cha mabati ya kawaida ya geji 28. Je, sumaku hizo za mpira zitanifaa kwa taa ndogo ya nusu kilo?

MwalimuWaMaabara alijibu:

DadaWaKisumu, mabati ya geji 28 yana unene wa karibu milimita 0.4, robo ya ukuta wa kontena, na yana mawimbi ambayo sumaku bapa haiwezi kuyalalia. Utapata mshiko mdogo usioaminika. Kwako wewe, ibandike taa kwenye fremu ya chuma ya mlango kama unayo, au uifunge kwa skrubu kwenye mbao za kibanda. Na kwa yeyote mwenye kuta za alumini au chuma cha pua kile cha vyombo vya jikoni, ajaribu kwanza kwa sumaku ya friji, kwani alumini haivutwi kabisa na vyuma vingi vya pua navyo havivutwi.

MwenyeKontena, jambo moja la afya ambalo hatujalitaja: mtu aliyewekewa kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asizishike sumaku hizi wala kuziweka karibu na kifua, na watoto wasizichezee zile ndogo, kwa sababu mbili zikimezwa huvutana zikiwa ndani ya utumbo na kuujeruhi.

FundiVibaoMombasa alijibu:

Sita umezipanga vizuri, na ni sawa kuweka nyingi juu, kwa kuwa uzito wa kibao hujaribu kukipindua kwa kuanzia juu. Hesabu ya upepo pia inakubali: sita kwa kilo 14 ni kilo 84 dhidi ya 13.

Unapofunga, acha nati zilegee kidogo, bandika kibao ukutani ili kila sumaku ijitafutie mahali pake pa kukaa bapa, kisha ndipo ukaze moja baada ya nyingine. Kuta za kontena zina mibonyeo ambayo macho hayaioni, na fremu ngumu ikikazwa mapema huinua sumaku moja au mbili. Futa ukuta kwa kitambaa chenye spiriti kwanza.

Kuhusu taa, hesabu yake ni ya mtaimbo. Ikiwa taa ya kilo 2 iko sentimita 40 mbele ya ukuta, na bamba lake lina sumaku juu na chini zilizoachana sentimita 10, basi za juu zinavutwa kutoka ukutani kwa kilo 2 mara 40 gawa kwa 10, yaani kilo 8, mbali na uzito unaotaka kuteleza. Ukizitenganisha sentimita 20, zinavutwa kwa kilo 4. Kwa hiyo tengeneza bamba refu la wima, weka mbili juu na mbili chini kwenye migongo miwili jirani, na ufupishe mkono kadiri mwanga unavyoruhusu. Sumaku zikae mbali na mgongo wa taa unaopata moto, kwani neodimi za kawaida zina kikomo cha nyuzi joto 80 za Selsiasi, na ukuta wenye rangi nyeusi jua la mchana hulipandisha joto lake zaidi ya 60 hata kabla hujawasha taa.

Halafu funga waya mwembamba wa chuma kutoka kwenye fremu ya kibao hadi kwenye fito za kufungia mlango wa kontena, na mwingine kwa ajili ya taa. Hiyo ninaifanya kwa kila mteja, hata pale hesabu inaponipa mara kumi, kwa sababu chini yake wanasimama watu.

MwenyeKontena aliandika:

Nimekamilisha kazi jana. Nilitoboa fremu kwa kufuata milimita 278, nikalegeza nati kama Fundi alivyoelekeza, na kweli sumaku ya pili kutoka kushoto ilijiinamisha kidogo kabla sijaikaza. Nilichora mstari mwembamba wa penseli ukutani chini ya ukingo wa kibao ili nijue kama kinatambaa. Waya wa usalama nimeuzungusha kwenye fito ya mlango wa kulia. Bamba la taa nimelipa urefu wa sentimita 25 na mkono nimeukata ukabaki sentimita 30.

Leo asubuhi, baada ya usiku wenye umande na malori kupita kama kawaida, mstari wa penseli ulikuwa pale pale unagusana na ukingo. Nitautazama kila asubuhi kwa mwezi mzima, na ukisogea hata kwa milimita moja nitaandika hapa.